Kinu Upande Huu, Mchi Upande Ule

Jumamosi, 18 Oktoba 1997

Mvua imeanza asubuhi, na redio inasema hii ndiyo ile ya Elnino, haitaisha karibuni. Nimeamua kuandika maana nisipoandika nitamtukana mtu.

Kiwanja chetu cha Jericho, hapa Nairobi, kimezungushiwa mabati. Pale tulipokuwa tukichangia matanga, tukianika nguo na kutazama mpira, sasa panajengwa makumbusho. Kibao kimeandikwa Jumba la Maridhiano, kazi ya shilingi milioni tisini. Mfereji wetu wa maji umekauka tangu Pasaka. Unapita hapo na mtungi mtupu, unasoma kibao, unarudia kukisoma, halafu unaenda kununua maji ya mkokoteni.

Meza yetu iko ng'ambo ya barabara, inatazama hayo mabati. Nasema yetu kwa sababu tuko wawili. Mimi, Lenah Nabwire, ambaye mtaani naitwa Mama Wakoli, napika matumbo na chapati. Mama Sagal, yaani Halimo, anakaanga sambusa na kuchemsha supu ya vichwa vya mbuzi anavyoleta alfajiri kutoka machinjioni Kiamaiko. Viungo vyote tunatwanga pamoja. Kinu ni changu, mama yangu alikuja nacho kwa treni kutoka Webuye. Mchi ni wake, mama yake alikuja nao kutoka Garissa. Mchi wangu ulivunjika zamani, na yeye hakuwa na kinu, basi tukaanza hivyo. Hatukukaa chini kupatana lolote.

20 Oktoba

Mvua. Chapati zimebaki, tumezila wenyewe.

Jumapili, 26 Oktoba

Baada ya kanisa tumeitwa kwenye mkutano ndani ya mabati. Mkubwa wa Jumba ni mtu anayeitwa Luseno, Daktari Luseno, ingawa ukiwa na homa hawezi kukusaidia. Alisema yeye ni mtoto wa Jericho. Ni kweli, alizaliwa nyumba za karibu na soko, lakini aliondoka akiwa bado ananyonya. Sasa anakaa Lavington, ule upande wa mji ambako mvua ikinyesha watu husema hewa imekuwa nzuri.

Akatuambia kwamba sisi wa mitaa hii tumegawanyika. Kwamba watu wa magharibi na watu wa kaskazini tunaishi kwa kushukiana na tunahitaji kuponywa. Tukatazamana. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Sagal, na begani mwake alikuwa amelala mama mmoja wa magharibi, wa Busia, anakoroma.

Jumba litakuwa na vyumba viwili. Chumba cha Magharibi cha watu wa kwetu, Chumba cha Kaskazini cha kina Mama Sagal, kila kimoja na mlango wake wa nje. Katikati kutakuwa na ukuta wa kioo ili tuonane. Patrobas, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi na mteja wetu wa kila siku, aliuliza kama nia ni tuonane, si ni rahisi zaidi kuacha ukuta. Luseno alisema hilo ni swali zuri sana, akampa nafasi mtu mwingine. Mwisho tukaombwa tutoe vitu vyetu vya kale, bure, kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Jioni watu walijaa mezani na mimi nikiwa na watu wengi mdomo wangu hauna breki. Nikakipiga kofi kinu changu nikasema, wanataka vya kale? Basi wakija wapewe hiki, mimi siwezi kuwanyima wagonjwa. Watu walicheka mpaka supu ikamwagika. Mama Sagal hakucheka. Aliniuliza polepole kama nimesema kweli. Nikamwambia kweli tupu, watu wote hawa si wamesikia? Wakacheka tena. Mama Sagal ni mtu mwema lakini kumchekesha ni kazi ya kuchosha.

3 Novemba

Mvua. Choo cha nyuma kimefurika.

9 Novemba

Leo nimecheka peke yangu. Paa la Jumba litaezekwa kwa nyasi, ili lifanane na nyumba za mababu zetu, na hizo nyasi zimekuja kwa meli. Nyasi. Patrobas aliliona kontena kwa macho yake, na mzungu wa kuzisimamia amekuja nazo. Kwetu Webuye nyasi zinalala chini, unakata bure na mwenye shamba anakushukuru.

12 Novemba

Muse amekuja tena na gari lake. Ni binamu yake Mama Sagal, ana duka Eastleigh, na mbele ya duka ana nafasi ya mkahawa anayotaka kumpa. Kila mwaka anakuja na kila mwaka anakataliwa. Mimi simwelewi huyu mwanamke. Anaitwa kwenye sakafu ya vigae, anachagua tope langu.

14 Novemba

Mjomba amefariki. Naenda Webuye kuzika, barabara ikikubali.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimerudi na kinu hakipo.

Niliuona mduara mkavu pale chini kilipokuwa kikikaa. Nikadhani kimeingizwa ndani kwa sababu ya mvua. Nikamuuliza.

"Mama Sagal, kinu kiko wapi?"

"Kiko kwa Jumba. Walikuja juzi na gari, nikawapa."

Alisema hivyo huku anageuza sambusa, kama mtu anayekuambia ameazima kiberiti. Nikamuuliza kama anajua kinu kile ni cha nani. Akasema anajua, ni cha mama yangu. Nikamuuliza basi alipata wapi ruhusa.

"Wewe ulisema wakija wapewe. Nikakuuliza, ukasema kweli, watu wamesikia. Na mchi nikawapa pia, kinu chako kisiende peke yake."

 Nilikuwa nimetoka matangani, sikuwa nimelala, nguo zangu zilikuwa na tope mpaka magotini, na meza ilikuwa imezungukwa na watu wanaonitazama nitasema nini. Nikasema. Nilisema kwamba hata mtoto anajua utani. Nilisema kwamba yeye amekaa anasubiri nitoke ndipo agawe mali ya mama yangu apate sifa kwa wakubwa. Sasa naandika na hasira bado ninayo, sitajifanya haipo. Mwisho nikasema hivi, na sauti yangu ilifika hadi kwa wauza mkaa:

"Nenda kwa Muse wako ukakae kwa vigae. Kwa meza hii sitaki kukuona tena. Na watu wote wasikie."

Mama Sagal alizima jiko lake. Alingoja mafuta yapoe kidogo, akayamimina kwenye mtungi, akakunja kitambaa chake. Hakuna aliyekunywa supu wakati huo wote.

"Sawa, Mama Wakoli," akasema. "Wamesikia."

Akaenda kwenye mvua bila kukimbia.

23 Novemba

Hakuja. Vizuri.

25 Novemba

Hakuja. Nimepanga vitu vyangu hadi upande wake wa meza. Nafasi ni kubwa kuliko nilivyofikiri na sina cha kuweka.

1 Desemba

Nimeenda kudai kinu changu. Mlangoni niliulizwa mimi ni wa chumba gani. Nikasema mimi ni wa Jericho. Askari akanitazama usoni, akanielekeza Magharibi.

Anayetunza vitu ni binti anayeitwa Vivian, amevaa glavu nyeupe, anatembea kana kwamba ndani kuna mtoto aliyelala. Kinu cha mama kimewekwa juu ya sanduku jeupe na taa inakimulika. Kikaratasi kinasema: Chombo cha kusagia nafaka, jamii za magharibi. Kinu kile hakijaona nafaka tangu kifike Nairobi. Kimeona vitunguu saumu, hiliki, bizari na pilipili, na ukiinama unasikia harufu yote ya supu ya Mama Sagal.

Nikatazama kupitia ukuta wa kioo. Upande wa pili, peke yake, chini ya taa yake, umesimamishwa mchi. Kikaratasi kilikuwa na maandishi makubwa, nikaweza kusoma: Rungu la wafugaji.

Nilimuuliza Vivian kwa nini vimetenganishwa. Akasema wageni wanaelewa vizuri zaidi kila jamii ikiwa na vitu vyake. Nikamwambia, binti yangu, hilo rungu ni la hiki kinu. Akatazama huku, akatazama kule, nikaona amepata aibu. Si mtu mbaya, alinipa kiti. Lakini kitu kikishaingia hapo, anasema, hakitoki mpaka kamati ikae, na kamati itakaa baada ya ufunguzi. Tukiwa tunaongea tone likaanguka kutoka kwenye zile nyasi za meli, likampata puani.

Milioni tisini. Kibanda changu cha mabati ya kuokota hakivuji.

12 Desemba

Sikukuu. Ufunguzi ulikuwa leo, umeahirishwa. Paa.

26 Desemba

Patrobas amesema matumbo yangu siku hizi yana ladha ya hospitali. Natumia viungo vya pakiti. Nimemwambia asipotaka aende akale Eastleigh. Akasema huwa anaenda.

29 Desemba

Nimepiga kura. Nimeloa.

3 Januari 1998

Nilimkalisha Patrobas nikamuuliza anaonaje huko. Alijikuna, hakutaka kusema, kisha akasema. Niandike alivyosema.

"Mathee, usikasirike. Huyo msee Muse amekuwa akimuita miaka mingi. Alikuwa anakataa juu yako. Siku moja hapa kwa meza ulisema ati nyinyi mtazeekea hapa, yeye haendi popote. Tulikuwa wengi, hata mimi nilikuwa. Akashika hivyo. Kwao mtu akisema mbele ya watu, imeisha."

Simkumbuki hata kidogo huyo mtu aliyesema hivyo. Lakini ni mimi. Ndivyo ninavyosema watu wakiwa wengi, nasema lolote, wanacheka, nami nalala vizuri. Miaka yote hiyo nilikuwa natania, na mwenzangu alikuwa anasikiliza.

6 Januari

Nimeenda Eastleigh. Barabara zimekuwa mito, nilivuka sehemu moja nimebebwa mgongoni na kijana ambaye sikumjua, mimi mtu mzima. Nilibeba matumbo kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, kama zawadi.

Duka la Muse ni kubwa kama alivyosema, na vigae ni kweli. Mama Sagal alikuwa amekaa mbele na sufuria zake zimepoa. Nikafungua leso, nikamwekea. Akatabasamu kidogo, akafunika. Ni Ramadhani. Kila mwaka nimejua Ramadhani imeingia kwa sababu yeye huwasha jiko alasiri, na mimi ndiye ninayemfukuzia walevi asiwe na kero. Mwaka huu nimeijua kwa kuaibika.

Akanikalisha tukangoja adhana. Kisha akanipa tende kabla ya yeye mwenyewe kula, na sambusa za moto, na hakuniuliza kilichonileta. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia niliyosema ilikuwa hasira na arudi. Nilisema vizuri, bila mzaha.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema moyoni hana kitu juu yangu. Halafu akasema, "Lakini ulinitoa mbele ya watu, Mama Wakoli. Hapa tuko wawili. Nikirudi, watasema nini, ati nimerudi mwenyewe kama paka?"

Nimerudi nyumbani na hasira mpya. Niwatoe wapi watu? Kiwanja kimefungwa, mvua imetawanya wateja, wale wa siku ile wengine wamehamia kwa ndugu zao kwa sababu ya mafuriko. Nikamwona mwanamke mkaidi, nikamtukana njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba kama ningekuwa yeye, hata zile tende nisingempa mtu kama mimi.

19 Januari

Mvua. Watu wa Jumba wameleta mzungu mwingine kutazama nyasi.

31 Januari

Idi imepita. Hakuna sambusa mtaani. Vivian amekuja kula mezani kwangu bila glavu. Ufunguzi ni Jumamosi ijayo na kila aliyetoa kitu atasimama karibu na kitu chake. Nikamuuliza kama na wa upande ule wamealikwa. Akasema wote.

Jumamosi, 7 Februari

Ngoja niandike yote, polepole.

Magari yalianza kufika asubuhi, marefu, meusi, yakakwama kwenye tope mbele ya lango, na waliotoka mle ndani walishika suruali zao kwa vidole viwili. Walikuwepo wafadhili, waheshimiwa, na watu wa magazeti. Watu wa Jericho walikuwa nje ya kamba, wamejaa, kwa sababu kulikuwa na soda. Patrobas alikuwa mbele kabisa.

Niliingia mlango wa Magharibi. Mvua ilikuwa kubwa na paa lilikuwa linatiririka mahali pengi. Kufika kwenye sanduku langu nikakuta kinu cha mama kimeteremshwa sakafuni, kimewekwa chini ya tone kukinga maji. Kimejaa hadi ukingoni. Kikaratasi cha "Tafadhali usiguse" bado kilikuwa kimebandikwa.

Sikulia. Niliinua uso nikamwona Mama Sagal. Alikuwa upande wa pili wa kioo, amevaa shungi lake la buluu la sikukuu, amesimama kando ya mchi wake kama aliyeletwa mahakamani. Alikuwa anakitazama kinu. Kisha akanitazama mimi.

Luseno akaja na mgeni wa heshima na kipaza sauti. Alikuwa anaeleza habari za nafaka. Mgeni akaniuliza kwa upole kama ningeweza kuwaonyesha jinsi kinavyotumika.

"Hakiwezi, mheshimiwa," nikasema. "Mchi uko kwa majirani."

Watu wa nje ya kamba wakaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza maishani nilitaka wanyamaze. Luseno akacheka pia, kwa haraka, akasema sasa mama huyu atatoa neno la maridhiano kwa niaba ya jamii yake, neno fupi. Vivian alikuwa amenipa karatasi ya maneno hayo tangu jana. Nilikuwa nayo kifuani, ikakaa hukohuko.

Nikatazama spika. Ziko vyumba vyote viwili, na zingine nje. Nikatazama watu. Walikuwa wengi kuliko siku ile, na Patrobas alikuwepo, na wauza mkaa walikuwepo, na waheshimiwa juu yake. Nikashika kipaza sauti.

"Mimi ni Lenah Nabwire, nauza matumbo hapo ng'ambo. Mwezi wa kumi na moja nilimtoa Mama Sagal mezani mbele ya watu. Sikuwa na haki. Kinu nilikitoa mwenyewe kwa mdomo wangu, yeye hakuiba. Leo mbele ya watu nasema arudi. Meza ni yake kama ilivyo yangu, na hili si utani."

Wageni walipiga makofi sana. Walidhani ni sehemu ya ratiba. Luseno alitoa leso akapangusa macho, nikaona anaamini kwamba ameponya mitaa yetu ya mashariki mwa mji kwa chumba cha kioo, na sikuwa na nafasi ya kumdharau inavyostahili kwa sababu nilikuwa namtazama Mama Sagal. Hakupiga makofi. Aliuchukua mchi kwenye kishikio chake, akatoka.

Hakuna mlango katikati ya vyumba vile. Ilimbidi apitie nje, azunguke jengo lote kwenye mvua. Tukangoja, waheshimiwa na wote, maji yakidondoka. Mlangoni askari akamwambia hiki si chumba chake. Vivian akamwambia askari asogee.

Mama Sagal aliingia ameloa mpaka viatu, akautumbukiza mchi kwenye kinu, na maji yakaruka yakamwagikia mgeni wa heshima suruali yake.

"Nimesikia, Mama Wakoli," akasema.

Tukamwaga yaliyobaki hapohapo sakafuni, tukakibeba. Kinu kilikuwa kizito kuliko ninavyokumbuka. Luseno aliita kamati, kamati, lakini wapiga picha walikuwa wengi na hakutaka kuonekana akimshika mwanamke mkono siku ya maridhiano. Watu wakafungua kamba tukapita.

9 Februari

Gazeti limesema Jumba limeunganisha jamii mbili zilizokuwa zikichukiana. Kuna picha yetu, tunaonekana kama wezi.

Kinu kimepasuka ubavuni kwa sababu ya taa na maji. Patrobas amekifunga pete ya chuma bila kutaka malipo, ila supu. Kikitwangwa sasa kinalia sauti nyingine, ya chini kidogo, na hiliki ina harufu ya rangi ya Jumba. Mama Sagal anasema itaisha. Mfereji bado umekauka, kiwanja bado ni chao, na nyasi zinaota uyoga. Milioni tisini, na kazi moja tu ambayo Jumba limewahi kufanya ni kutukusanyia mashahidi.

Jioni meza ilijaa. Nilikuwa na neno tamu juu ya Luseno na leso yake, lilikuwa limefika ulimini, watu wananitazama wanangoja. Nikamtazama Mama Sagal. Alikuwa ameacha kutwanga, ananisikiliza.

Nikakanda unga wangu. Hilo neno nimekuja kuliandika hapa, halafu nimelifuta.